Mikono Tunayoiacha: Tunausikia Vibaya Muziki wa Kujirudia

Siku ya kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando au unyago, katika mitaa mingi ya Mtwara mjini na hata huko Tandahimba na Newala, sauti inayotangulia kusikika siku hizi ni ya subufa. Dijei anafika na spika zake, jenereta na flashi iliyojaa singeli. Wapiga ngoma, kama wameitwa, hupewa muda mfupi jioni kabla spika hazijawashwa. Ubishi unaofuata nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuusimulia usingizini. Wazee wanasema muziki wa mashine hauna kitu, ni kelele moja inayorudiwa mpaka asubuhi. Vijana wanaopenda muziki wa kielektroniki nao wamepata jibu jipya. Simu zao, kwa kuwapendekezea wimbo huu baada ya ule, zimewafikisha kwa Steve Reich, Philip Glass na Terry Riley, watunzi wa Marekani ambao muziki wao unawekwa kwenye kabati la klasiki na ambao kazi zao zinarudia vipande vifupi kwa nusu saa, kwa saa nzima, kwa zaidi ya saa. Basi vijana wanasema: kumbe hata huko kwenye kumbi za okestra wanarudiarudia, kwa hiyo biti zetu zina hadhi, na mpiga ngoma anaweza kupumzika. Naona pande zote mbili zimelishika jambo hili vibaya. Minimalizimu, kama muziki huo unavyoitwa, haukuja kumpandisha cheo msikilizaji wa singeli, na hauthibitishi kwamba mashine inatosha. Historia yake inakwenda upande wa pili kabisa. Mtunzi wake mashuhuri kuliko wote katika upande wa midundo, Reich, alianza na mashine, akagundua jambo ndani yake, kisha akalihamishia kwenye mikono ya watu. Sisi wa Kusini mikono hiyo tunayo, na ndiyo tunayoiacha.

Tuanze na hiyo mashine. Mwaka 1964, katika uwanja wa Union Square jijini San Francisco, Reich alirekodi kwa kanda sauti ya mhubiri mweusi wa Kipentekoste aliyekuwa akihubiri habari za Nuhu na gharika. Baadaye alichukua maneno machache ya mhubiri yule, akayaweka katika kanda mbili zinazofanana na kuziunganisha kichwa kwa mkia ili zizunguke bila kukoma. Ni kile ambacho maprodyuza wetu wanakiita lupu. Alikusudia kuzipanga kanda hizo kwa namna moja maalumu, lakini mashine zake mbili hazikuwa na mwendo sawa. Moja ilikuwa inaitangulia nyingine kidogo sana, chini ya kiwango ambacho mtu angekigundua kwa kusikiliza mara moja. Sauti moja ikaanza kuwa mbili, ikawa mwangwi, ikawa mabishano ya watu wengi, na humo ndani zikaibuka tuni ambazo mhubiri hakuziimba wala Reich hakuziandika. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1965. Mpenzi yeyote wa muziki wa kielektroniki anayeisikia leo anaijua mara moja, kwa sababu amelelewa na lupu na anajua raha ya kungoja badiliko dogo linalokuja polepole.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Reich hakuridhika. Aliona amepata mbinu ya ajabu ambayo imefungwa ndani ya mashine, akajiuliza kama binadamu wawili wanaweza kufanya kilichofanywa na kanda mbili. Mwaka 1967 akaandika kazi ya piano mbili. Wapigaji wote wawili wanapiga kipande kile kile cha noti 12. Mmoja anashikilia mwendo bila kutetereka, mwingine anaongeza kasi kidogo kidogo mpaka awe mbele kwa noti moja, wanatulia hapo, kisha anaongeza tena, hivyo hivyo mpaka mzunguko ukamilike na wakutane walipoanzia. Jaribu kupiga makofi hivyo na mwenzako kwa dakika moja tu, utaelewa ugumu wake. Mwili wote unakuvuta umfuate mwenzako, nawe unapaswa kumwacha kwa kipimo.

Mwaka 1970 alisafiri hadi Accra, Ghana, kusomea ngoma za Waewe kwa bingwa Gideon Alorwoyie. Alikuwa amekwisha kusoma kitabu cha mmisionari A. M. Jones kuhusu ngoma hizo, kilichotoka mwaka 1959. Malaria ilimkatiza, akarudi kwao baada ya wiki chache. Lakini aliporudi aliandika kazi ya ngoma na ala nyingine za kugonga, pamoja na sauti za binadamu, yenye urefu wa karibu saa nzima na wakati mwingine zaidi, akaikamilisha mwaka 1971. Mwenyewe alieleza kwamba safari ile ilimthibitishia zaidi ya kumfundisha: ilimhakikishia kuwa ala zinazopigwa kwa mkono zinaweza kutoa muziki wenye sauti tajiri kuliko ule aliokuwa akiutoa kwenye mashine. Sentensi hiyo ndiyo ningependa ibandikwe kila mahali ambapo kijana wa Mtwara anatumia jina la Reich kumpumzisha mpiga ngoma.

Kazi hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza ndani ya basi, nikitoka Newala kurudi Mtwara mjini. Mwanzoni nilidhani simu imeharibika. Kulikuwa na pigo moja, kimya kirefu, pigo lile lile, kimya. Baada ya muda pigo la pili likachukua nafasi ya sehemu ya kile kimya, kisha la tatu, mpaka mdundo mzima ukasimama mbele yangu kama nyumba iliyojengwa tofali kwa tofali. Nikakumbuka ngoma zinavyopashwa moto kabla ya kuchezwa: mmoja anagonga ngozi mara moja na kutega sikio, anairudisha kwenye moto, mwingine anagonga, na bila mtu kutangaza chochote ngoma inakuwa imekwisha kuanza.

Kwa hiyo msikilizaji wa muziki wa kielektroniki anayetaka kuingia katika klasiki kwa mlango huu ana mtaji mkubwa, na mtu aliyekulia Kusini ana mtaji maradufu. Mtu aliyezoea nyimbo zenye beti na kiitikio husubiri tukio, na tukio lisipotokea huchoka. Aliyezoea muziki wa klabu hasubiri tukio. Yeye anaingia ndani ya mdundo na kusikia tabaka moja likiondoka na jingine kuingia. Si ajabu kwamba watengeneza muziki wa kielektroniki wa Uingereza walimtambua Reich mapema. Kundi la The Orb, mwaka 1990, lilichukua kipande cha gitaa kutoka kazi yake ya mwaka 1987 na kukifanya uti wa mgongo wa wimbo wao uliojulikana kuliko zote, na mwaka 1999 ikatoka albamu nzima ya maprodyuza walioziunda upya kazi zake. Jambo linalonigusa mimi ni kwamba kazi hiyo ya gitaa ya mwaka 1987 yenyewe ilichota tuni kutoka muziki wa pembe wa Afrika ya Kati, ambao Reich aliufahamu kupitia mtafiti Simha Arom. Tuni imetoka kwenye midomo ya wapuliza pembe wa Afrika ya Kati, ikapita kwenye gitaa la mtu wa New York, ikaingia kwenye mashine za vijana wa London, ikarudi kwenye simu ya kijana wa Masasi, ambaye anaambiwa kwamba huu ni muziki wa kisasa wa Ulaya.

Sasa nizipime hoja zenyewe. Hoja ya wazee ina sehemu mbili, na moja ni dhaifu sana. Ile dhaifu ni kwamba muziki wa mashine haufai kwa kuwa unajirudia. Mzee anayesema hivyo amesahau alichokicheza yeye mwenyewe. Sindimba inajirudia. Vigoma vidogo vya Kimakonde, vile vyenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa vijiti mdundo ule ule bila kuchoka, na bila uvumilivu wa vigoma hivyo ngoma kubwa haina pa kusimama. Dimbila, marimba ya magogo ya Wamakonde, hupigwa na watu wawili waliokaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi anazoacha mwenzake, na kazi ya kila mmoja akiwa peke yake ni kipande kidogo tu kinachozunguka. Tukikitupa kila kinachojirudia, tutabaki bila ngoma hata moja. Lawama hii wala si ya Kimakonde. Januari 1973, kazi ya Reich ya kinanda ilipopigwa katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, watu wa klasiki waliovaa nguo za heshima walizomea na kupiga kelele ili ikome, wakiwa na malalamiko yale yale ya baba zetu: hakuna wimbo hapa, ni kitu kimoja tu.

Sehemu ya pili ya hoja ya wazee ni nzito, ingawa mara nyingi hawaisemi kwa maneno haya. Wanachokikosa ni mtu anayeitika. Katika ngoma, kiongozi anamtazama mchezaji. Anaona mguu unavyotua, anaona kiuno kimechoka au kimepata moto, na kwa pigo moja la tofauti anawaambia wenzake tunahama. Flashi haimwoni mtu. Ajabu ni kwamba hoja hii ya wazee imetetewa vizuri zaidi na Reich kuliko na wao wenyewe. Kazi yake kubwa ya wanamuziki 18, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Aprili 1976, haina mtu wa kuiongoza kwa kijiti kama okestra zilivyo. Imejengwa juu ya makodi 11, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja, na kila wakati wa kuhama unapofika, anayetoa ishara ni mpiga vaibrafoni, aina ya marimba ya chuma, kwa sauti inayokatiza juu ya wote, nao wanasikia na kuhama. Hiyo ndiyo kazi ya ngoma kiongozi. Kuna jambo la pili ndani ya kazi hiyo ambalo mimi nalipenda hata zaidi. Waimbaji na wapuliza klarineti za besi wanashikilia mapigo yao kwa urefu wa pumzi moja. Pumzi ikiisha, sauti inafifia, wanavuta nyingine, inarudi. Unaisikia ikija na kwenda kama mawimbi ya Mikindani jioni. Kipimo cha muziki huo ni mapafu ya mtu. Ukiiweka lupu badala ya mtu yule, noti zote zitakuwapo na kazi yenyewe itakuwa imekwisha kuondoka, maana lupu haiishiwi pumzi.

Hoja za vijana nazo zipimwe kwa haki. Wanasema kundi la ngoma lina watu wengi, wote wanahitaji nauli, chakula na malipo, na dijei ni mmoja. Kweli. Wanasema wapiga ngoma wenyewe wamezeeka na hawajarithisha. Kweli kwa sehemu, na lawama hapo haimwangukii kijana peke yake. Wanasema singeli si kitu cha kigeni, ni yetu. Hapo nawaunga mkono kabisa. Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, kutokana na mchiriku na taarabu zilizokatwa vipande na kupandishwa kasi, mpaka mapigo 200 na hata karibu 300 kwa dakika. Lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa mwaka 2017 mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, wasikilizaji wa mbali walishangaa kwa sababu hakuna mahali pengine palipokuwa na kitu cha namna hiyo. Ukiisikiliza singeli kwa sikio lililopitia minimalizimu, utagundua kwamba chini ya ile kasi kuna mzunguko mfupi wa kinanda unaobadilika kidogo kidogo, na kwamba ufundi wa prodyuza upo katika kujua ni lini auguse. Kumwita mtu huyo mvivu ni kukosa adabu kwa kazi.

Hoja yao dhaifu ni ile ya hadhi, kwamba kwa kuwa watu wa klasiki wanarudiarudia basi nasi tumefika. Tumefika wapi? Hoja hii inachukulia kwamba kuna ngazi, ngoma ikiwa chini, singeli katikati, okestra juu, na kwamba mtu anayehama kutoka singeli kwenda kwa Reich anapanda. Lakini Reich mwenyewe alipanda ndege kwenda Accra kukaa chini mbele ya mpiga ngoma. Terry Riley, mwaka 1964, aliandika kazi yenye vipande 53 vifupi ambayo haitaji ala gani zitumike wala watu wangapi wapige. Kila mmoja anarudia kipande mara nyingi apendavyo kabla ya kwenda kinachofuata, kwa sharti moja tu, awasikilize wenzake na asiwaache mbali wala kubaki nyuma sana. Muongo uliopita wanamuziki wa Mali waliirekodi kazi hiyo Bamako kwa kora na balafoni, na haikusikika kama watu waliovaa nguo ya kuazima. Philip Glass alijifunza mbinu yake ya kujumlisha mapigo baada ya kufanya kazi na Ravi Shankar wa India. Na katika kundi lao alikuwepo Julius Eastman, Mmarekani mweusi, aliyetunga mwaka 1974 kazi ya zaidi ya saa moja inayotembea juu ya mlio wa njuga usiokoma. Alifariki mwaka 1990, sehemu kubwa ya maandishi yake ikiwa imepotea, na rekodi ya kazi ile ilikuja kutolewa mwaka 2016. Watu hawa wote walitembea pembeni, kwa majirani, wakiuliza. Mwenye kuhesabu vyeo hapa atakosa muziki wenyewe.

Niiguse pia hoja inayopendwa na wengi, kwamba wametuibia. Inafurahisha kuisema, lakini haijasimama vizuri. Reich alimtaja mwalimu wake na alieleza alichojifunza. Tena alichojifunza ni cha Waewe, ambao wako upande wa pili wa bara hili. Mmakonde anayedai ngoma ya Accra kuwa yake kwa sababu tu ni ya Afrika anafanya kosa lile lile la mgeni anayetuona sote kijiji kimoja. Kilicho chetu hakijaibwa na mtu. Kipo Kitangari, kipo Nanyamba, kipo Nachingwea, na hatari yake ni kukosa mtu wa kukaa nacho mpaka usiku uishe.

Neno hilo, mpaka usiku uishe, ndilo kiini cha mambo, na ndipo naona minimalizimu unaweza kutusaidia kweli. Baada ya Uhuru, sindimba ilichukuliwa na kufanywa moja ya ngoma za taifa, ikapigwa katika sherehe za serikali na kusambaa mashuleni nchi nzima. Ilipata umaarufu, na ilikatwa. Ngoma iliyozoea kuchukua masaa ikapewa dakika chache mbele ya jukwaa la wageni rasmi, na katika dakika hizo kilichobaki ni viuno na tabasamu. Vizazi viwili vya Watanzania wanaijua sindimba kwa umbo hilo, na ndiyo maana wengi wanadhani haina kitu zaidi. Sasa simu imeikata tena, mpaka sekunde 30. Muziki unaojengwa kwa mabadiliko ya polepole ukikatwa hivyo, kinachobaki ni mdundo mmoja usiobadilika, yaani lupu, kisha tunasema: si unaona, ni lupu tu, basi tuweke lupu. Tumeukata mti halafu tunaulaumu kwa kukosa kivuli. Watu wa minimalizimu walifanya kinyume. Katika nchi ya nyimbo za dakika tatu za redio, walimwambia msikilizaji akae saa nzima, naye alipokaa alianza kusikia. Mpenzi wa muziki wa kielektroniki anayeweza kukaa na kazi ya wanamuziki 18 kwa karibu saa nzima, bila kurusha mbele, amepata sikio ambalo litamfaa siku atakapokaa mbele ya ngoma ya Newala.

Hivyo kwa kijana wa Mtwara au Lindi mwenye kompyuta, programu ya kutengenezea biti na mapenzi ya kweli, sioni sababu ya kumwambia aache mashine. Namwomba aende na kinasa sauti mahali ngoma inapochezwa, likizo ya Juni au baada ya mnada wa korosho watu wanapokuwa na nafasi na hela kidogo, na arekodi usiku mzima badala ya kukata mizunguko minne na kuondoka. Aweke kipaza sauti karibu na kigoma kidogo, sio ngoma kubwa peke yake, maana huko ndiko uvumilivu ulipo. Akifika nyumbani asinyooshe mapigo yote yakae kwenye mstari wa kompyuta. Kule kutangulia na kuchelewa kwa mpigaji, ambako programu inakuita kosa, ndiko alikokuwa akikutafuta Reich alipotoka kwenye kanda zake mbili. Na kabla ya hayo yote akubaliane na wapigaji malipo yao na majina yao yaandikwe kwenye kazi, kwa kuwa rekodi isiyo na jina ndiyo inayompa mtu wa kesho ruhusa ya kusema haikuwa ya mtu.

Kwa wenye shughuli nina ombi dogo zaidi. Dijei aje, spika ziwashwe, wali wachezewe singeli yao. Lakini wapiga ngoma wasipewe ile nusu saa ya kabla ya giza, wakati ngozi bado haijapata joto na watu bado wanapanga viti. Wapewe kuanzia saa nne za usiku, jenereta lizimwe, na mtu yeyote asiwaambie ni saa ngapi wanamaliza.